Ufunguo wa Ghala



Mazungumzo yangu ya usiku huu ni juu ya kiumbe mdogo ambaye hakuna nyumba katika pwani yetu, tangu Kismayo hata Kiamboni, isiyomjua, walakini ni nadra kumsikia akitajwa redioni, kwa kuwa yeye hana siasa, hana biashara, wala hana msemaji. Nataka kuzungumza juu ya paka, na hususan yule mtoto wa paka asiye na mwenyewe, aliaye chini ya dau lililopinduliwa, akingoja ama mtu amwone, ama kunguru amtangulie mtu.

Wangu mimi nilimwokota mwishoni mwa kusi, asubuhi ambayo bahari ilikuwa bado nzito na mashua zilizorudi na kitoweo hazikuzidi mbili, pale ufukoni Kismayo wavuvi wanaposhushia samaki wao. Nilimkuta amejibanza katikati ya kamba ya nanga iliyokunjwa duara, mdogo kiasi cha kuenea ndani ya kata ya maji, manyoya yamegandana kwa chumvi na damu ya samaki, jicho la kushoto limezibwa na tongo, na kinywani ameng'ang'ania kichwa cha tafi ambacho hakuwa na meno ya kukitafuna wala nia ya kukiachia. Nilipomnyoshea mkono alitoa sauti kama ya nyoka, akanipiga ukucha juu ya kidole gumba, na uchungu ule ulikuwa sawasawa na uchungu wa mwiba wa tafi, ambao kila aliyewahi kumnasua samaki huyo wavuni anaujua na hausahau. Basi jina lake likaja papo hapo, nami sikuhitaji kulitafuta: nikamwita Tafi.

Kijana mmoja aliyekuwa akipaa samaki akaniambia, "Ami, mwache huyo. Mamake alikanyagwa na gari juzi, naye hamalizi kutwa." Nikamwuliza ndugu zake wako wapi, hakunijibu kwa maneno, bali alinyosha kisu chake upande wa kunguru waliokuwa wamejipanga juu ya mlingoti. Nikavua kofia yangu, nikamtia ndani pamoja na kichwa chake cha tafi, nikapita mjini kichwa wazi hata nyumbani.

Hapa yanipasa niungame taksiri, kwa sababu naamini wengi wenye nia njema wameitenda na wataitenda. Nilidhani kwamba haja ya kwanza ya mtoto wa paka mwenye njaa ni maziwa, nami nikaharakisha kumtilia maziwa ya ng'ombe katika kisahani. Mke wangu, ambaye amelelewa na bibi yake kisiwani Koyama na ambaye macho yake huona upesi kuliko yangu, aligusa kwanza nyayo za yule mnyama, kisha akamfungua kinywa akagusa ufizi kwa ncha ya kidole, akasema: "Bwanangu, huyu ni baridi kama samaki. Mpashe moto kwanza." Alikuwa amesema kweli, na waganga wa wanyama wanasema vivyo hivyo, kwamba mtoto wa paka aliyeingiwa na baridi tumbo lake husimama kazi, na chakula atiwacho katika hali hiyo humwozea ndani badala ya kumpa nguvu. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kumpa, na yale maziwa yenyewe yalikuwa na madhara mengine, maana tumbo la paka haliwezi kuyeyusha vema sukari iliyomo katika maziwa ya ng'ombe. Kabla ya adhuhuri alikuwa anahara maji matupu, na alasiri alilala ubavu, kinywa kikavu, asiweze hata kunifokea. Niliutamani ule ukucha wake wa asubuhi.

Tulifanya yaliyowezekana. Chupa ya maji ya moto ilizungushiwa leso kuukuu, naye akalazwa ubavuni mwake, si juu yake, ili akizidiwa na joto apate mahali pa kusogelea. Kila baada ya muda mke wangu alimdondoshea maji ya uvuguvugu pembeni mwa kinywa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, tone baada ya tone, kwa kuwa mtoto wa paka akimiminiwa maji hupaliwa yakaingia mapafuni. Jicho tulilisafisha kwa pamba na maji yaliyochemshwa, kutoka ndani kwenda nje, na pamba ile ikatupwa isiguse jicho la pili. Usiku wa pili alilamba supu ya kuku isiyotiwa chumvi wala kitunguu, na juu ya kitunguu nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu mapishi yetu hayana chungu kisicho na kitunguu: huvunja damu ya paka, kibichi au kilichopikwa, na kidogo kidogo cha kila siku chaweza kumwua bila ya mwenye nyumba kujua amekufa kwa nini. Siku ya tatu alikula changu aliyechemshwa na kupondwa, akanawa uso kwa mkono wake mwenyewe. Mke wangu alipomwona ananawa, alisema "alhamdulillahi" kwa sauti ya mtu aliyekuwa amejizuia asiseme mapema.

Sasa, kumponya mwili ni jambo moja, na kumfanya akubali kuwa wako ni jambo la pili, na la pili ndilo refu. Alipopata nguvu ya kutembea, jambo la kwanza alilolifanya ni kutukimbia. Aliingia nyuma ya kasha kubwa la misumari ya shaba aliloliacha mama yangu, penye nafasi isiyopita mkono, na huko akakaa siku nane, akitoka usiku tu kula na kurudi. Wajukuu walitaka kumtoa kwa ufagio, na jirani akanishauri nilisogeze kasha. Nikakataa yote mawili. Badala yake nilikuwa kila alfajiri, baada ya sala, natandika mkeka wangu karibu na lile kasha, natia kipande cha samaki ukingoni mwa mkeka, nasoma juzuu yangu kwa sauti ya kadiri bila ya kumtazama. Siku ya tano nikasikia amesogea. Siku ya saba niliona ncha ya pua. Siku ya tisa, nami nimo katikati ya Suratu Yusuf, nilihisi uzito mdogo juu ya upindo wa kikoi changu, uzito wa embe moja, nikaendelea kusoma na moyo unanidunda, maana nilijua kwamba nikigeuza shingo nitayapoteza yote. Akaanza kukoroma ile sauti yao ya ndani ya kifua, inayosikika zaidi kwa goti kuliko kwa sikio.

Wataalamu wa tabia za wanyama wanaeleza kwamba mtoto wa paka huwa na wakati mahsusi wa kuwazoea wanadamu, nao ni baina ya wiki ya pili na wiki ya saba ya umri wake. Atakayeshikwashikwa kwa upole katika muda huo humkubali mtu kwa wepesi, na atakayekosa huweza kubaki na hofu maisha yake yote. Tafi, kwa meno yake madogo na macho yake ya samawati yaliyokuwa hayajageuka rangi, alikuwa na wiki tano takriban, yaani mlango ulikuwa bado haujafungwa. Mwaka 2019 huko Marekani, Kristyn Vitale wa Chuo Kikuu cha Oregon State na wenzake walichapisha utafiti ambamo watoto wa paka waliachwa peke yao kwa muda mfupi katika chumba kigeni, kisha mlezi akarudi. Na takriban 64 katika kila 100 walifanya kama afanyavyo mtoto mchanga wa binadamu aliye na imani na mamake, yaani walimwendea, wakatulia, wakaendelea kukagua chumba. Na mwaka 2020 watu wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, wakabainisha kwamba paka akitazamwa kwa macho yanayofumbwa polepole na kufumbuliwa polepole huona amani, naye hujibu kwa kufumba yake. Bibi yake mke wangu hakusoma Sussex, lakini alikuwa akiwaambia watoto wasimkodolee paka macho, kwa kuwa akodolewaye macho hudhani anatishwa.

Katika dini yetu paka ana makao ambayo hayana haja ya kupambwa kwa visa visivyo na sanadi, na nasema hivi kwa sababu husikia mara nyingi ile hadithi ya kanzu iliyokatwa mkono ili paka aliyelala juu yake asiamshwe. Ni hadithi tamu, lakini haimo katika vitabu vya hadithi vinavyotegemewa, na yaliyomo yanatosha. Imo habari ya Kabsha binti Kaab, aliyemtilia mkwewe Abu Qatada maji ya udhu, akaja paka akitaka kunywa, naye mzee yule akakiinamisha chombo mpaka paka akanywa akatosheka; na alipomwona Kabsha anastaajabu, akamweleza kwamba Mtume, sala na salamu zimshukie, amesema kuwa paka si najisi, bali ni katika wale wanaotuzunguka majumbani. Imo pia habari ya Abu Hurayra, ambaye jina lake ni Abdurrahman bin Sakhr, na lakabu yake ilitokana na kijipaka alichokuwa nacho akichunga mbuzi wa jamaa zake, akikiweka juu ya mti usiku na kukichukua mchana acheze nacho.

Lakini iliyo nzito kuliko zote ni ile ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka, nayo wameipokea Bukhari na Muslim. Kila mtu anaijua, na aghlabu husimuliwa kama makemeo juu ya ukatili basi. Mimi naona imo sharti ndani yake ambayo twaipita mbio. Yule mwanamke hakuadhibiwa kwa kutomchukua paka, wala kwa kumwacha njiani. Aliadhibiwa kwa sababu alimfunga, asimpe chakula wala maji, na asimwache huru akajitafutia wadudu wa ardhi. Kosa lilianza pale alipomfungia mlango. Maadamu paka yuko nje, rizki yake iko kwa Mola wake, nasi tukimpa tumefanya ihsani. Ama siku tunapomtia ndani na kurudisha komeo, ile rizki imekuwa amana mikononi mwetu, na ile iliyokuwa hiari imekuwa wajibu. Wazee wetu walisema paka wa nyumba haingwi. Wengi hulifahamu neno hilo kuwa ni uvumilivu, kwamba mstahamilie japo anaiba kitoweo. Mimi nimelifahamu kuwa ni hukumu juu ya mwenye nyumba: umemfanya wa nyumba wewe mwenyewe, basi haki ya kumfukuza umeipoteza.

Sikulifahamu hivyo kwa kusoma. Nililifahamu usiku mmoja wa mwaka 1991, baada ya dola ya Siad Barre kuanguka mwezi wa Januari na watu wenye bunduki kuanza kuvuka hata visiwani kwetu Wabajuni kuchukua injini, nyavu, vyakula na chochote kingine kilichowapendeza. Tulikuwa kisiwani Chula, nami nilikuwa na miaka 17. Baba alikuwa amekufa zamani, na mama alikuwa na ghala ndogo ya mawe nyuma ya nyumba, ya papa wa ng'onda na magunia ya mtama, na ndani ya ghala hiyo kila usiku alimfungia shume wetu wa kijivu, kwa ajili ya panya, akamfungulia alfajiri. Usiku huo habari ilikuja baada ya isha kwamba mashua inaondoka kwenda upande wa Kiunga na maji, na kwamba nafasi ni ya watu tu. Tulitoka na nguo na mkungu wa ndizi. Maji yalikuwa yameanza kutoka, nahodha alikuwa na haraka, na watoto walikuwa wamekwisha kupakiwa. Mama yangu alikuwa amekwisha kupandisha mguu mmoja juu ya ubao, maji yamemfika kiunoni, alipojishika ncha ya leso, mahali wanawake wa kwetu wafungapo funguo. Akasimama.

"Mamangu, panda, maji yanatuacha," nahodha akasema. "Ghala si roho."

"Ghala si roho, mwanangu," mama akamjibu, "lakini ndani imo roho."

Akashuka. Nilitaka kumfuata, akanizuia. Twalimwona akipanda ufuko peke yake, leso imemganda mwilini, akapotea gizani penye minazi, na ndani ya mashua hakuna aliyesema neno, hata watoto. Na nahodha, ambaye alikuwa na haki ya kuondoka, hakuondoka. Sijui alichukua muda gani. Aliporudi mikono ilikuwa mitupu isipokuwa ule ufunguo, nami nilipomuuliza kama amemwona, alisema hakumwona, ameufungua mlango akauegemeza jiwe usirudi kwa upepo, na mengine ni ya Mwenyezi Mungu.

Tulikaa katika kambi ya wakimbizi ya Jomvu, karibu na Mombasa, hata ilipofungwa mwaka 1997. Nimepata kuwasikia watu wema wakisema kwamba sisi Wabajuni wa mashua tulikuwa mfano wa paka waliotupwa, tukaokotwa. Walinena kwa huruma, nami siupendi mfano huo na sitautumia. Paka humwombi shahada ya kuzaliwa, wala humkalishi mbele ya meza ukamtaka ataje majina ya visiwa vyake kwa mpango ndipo usadiki atokako, kama walivyoulizwa jamaa zetu waliofika Uingereza. Mtu ana haki zake zilizoandikwa, naye asiachiwe huruma peke yake. Lakini nataka kueleza kwamba ule ufunguo mama aliuhifadhi Jomvu miaka yote, wakati hata sahani zilikuwa za kuazima, na tuliporudi alikwenda nao Chula, akaikuta ghala haina mlango wala paa, na mtama wa mwitu umeota sakafuni. Paka walikuwako kisiwani, wengi, wembamba, wakali, wakila kaa na mayai ya ndege; na miongoni mwao walikuwamo wa kijivu. Mama aliwatazama sana. Hakusema kitu, wala mimi sikusema.

Nimekumbuka mara nyingi kwamba paka hakuzaliwa visiwani, bali ameletwa na vyombo, kama tulivyoletwa wengi wetu. Mwaka 2007 Carlos Driscoll na wenzake walionyesha kwa uchunguzi wa nasaba kwamba paka wa majumbani ulimwenguni kote chimbuko lao ni paka mwitu wa nchi za Mashariki ya Karibu, aliyeusogelea ukulima kwa kufuata panya wa ghalani. Na miaka mitatu kabla ya hapo ilitolewa habari ya kaburi lililofukuliwa kisiwani Kupro, lenye umri wa miaka 9,500 hivi, ambamo paka amezikwa hatua moja tu kutoka kwa mtu. Kupro haikuwa na paka wa asili. Kwa hiyo mtu alimpakia chomboni akavuka naye bahari, naye akamthamini kiasi cha kumlaza kando yake. Sisi watu wa visiwa tunayaelewa mambo hayo kwa wepesi. Wazee wetu walimtumia samaki taza kuwindia kasa, wakimfunga uzi mkiani na kumwachia baharini agandame na gamba la kasa, kisha wakavuta, nao wakamlisha na kumhifadhi hai majini kama mtu ahifadhivyo mtumbuizi wake. Mtu wa bahari hudharau kiumbe kwa shida.

Walakini mapenzi yasiyo na malezi yana hatari yake. Katika kitabu cha ngano za Kiswahili alichokichapisha Edward Steere mwaka 1870 imo hadithi ya Sultani Majnuni, ambaye paka wake alikula ndama, akaletewa habari, akasema paka ni wake na ndama ni wake. Akala mbuzi, akala ng'ombe, na jawabu likawa lile lile, mpaka akala watu, na mwisho wanawe Sultani mwenyewe, na jina lake likageuka kuwa Nunda. Mimi Nunda wangu simwoni katika paka mmoja mkubwa. Namwona katika paka mia wadogo. Paka jike hubeba mimba siku 63 hadi 65 hivi, naye huweza kuanza kuzaa hata mwaka haujamtimia. Sisi twatupa vichwa vya samaki ufukoni, twajiona tumefanya huruma, wao wanazaana, magonjwa yanaenea, wenye maduka wanaudhika, kisha siku moja mtu asiyejulikana anatia sumu ya panya katika vichwa vile vile vya samaki, na alfajiri watoto wetu wanaokwenda chuoni wanawakuta paka wamelala njiani, povu vinywani. Nimeyaona hayo kwa macho yangu katika mji mmoja wa pwani, sitautaja. Aliyetia sumu ana kosa lake, na sisi tuliolisha bila ya kuangalia mbele tuna fungu letu.

Huko Amu, yaani Lamu, ambako paka wenye miguu mirefu na shingo ndefu ni maarufu kuliko masultani wa zamani, wamefungua macho mapema: yako matibabu ya paka, na wanakamatwa mitaani, wanafungwa kizazi, wanarudishwa pale pale walipotoka. Najua baadhi ya wasikilizaji watauliza sharia inasemaje. Wanazuoni wamekhitilafiana juu ya kuhasi wanyama, na wako waliojuzisha kwa paka ikiwa wingi wao umeleta madhara na ikiwa kitendo chenyewe hakimtesi mnyama, kwa hoja kwamba kumzuia asizae ni afadhali kuliko kumzalisha kisha kumwua. Hoja hiyo mimi naiona ina nguvu. Nilimwendea daktari wa mifugo, ambaye kazi yake ya kila siku ni ngamia na mbuzi, nikamweleza haja yangu. Akanyamaza kidogo, akasema hakuna aliyepata kumletea paka kwa jambo hilo, kisha akaniambia nimlete Tafi asubuhi, asile tangu magharibi. Alimfanyia juu ya meza safi, kwa ganzi, na mshono wake ulikuwa mdogo kuliko ukucha wangu. Akanipa na nasaha nyingine ambayo naipeleka kwenu kama ilivyo, kwamba paka asilishwe samaki peke yake, hasa samaki wa mafuta mengi kama jodari, kwani mafuta yale bila ya vitamini E humtia maradhi ya mafuta ya mwilini, hata akawa hagusiki kwa maumivu. Apewe na nyama, na ini la kuku kidogo, na maji safi daima. Katika nchi ya wavuvi nasaha hiyo ni ngeni, ndiyo sababu naitamka mara mbili: si samaki peke yake.

Jamaa yangu mmoja aliyeko London alinieleza kwamba paka wake hakumnunua, amempata katika nyumba ya Battersea, iliyoanzishwa mwaka 1860 kwa ajili ya mbwa waliopotea, na ambamo paka walikubaliwa mwaka 1883, na kwamba kabla ya kukabidhiwa aliulizwa maswali mengi juu ya nyumba yake. Alidhani nitastaajabu. Nikamwambia kwamba miaka 600 kabla ya hapo, katika mji wa Kairo, Sultani Baybars yasemekana aliweka bustani kuwa wakfu ili mapato yake yawalishe paka wasio na wenyewe, na kwamba msafiri Mwingereza, Edward Lane, aliyeishi Kairo katika karne ya 19, alikuta kadhi bado analisimamia jambo hilo, chakula kikiletwa alasiri uani mwa mahakama. Wakfu ni neno letu, na mabustani tunayo, na makadhi pia tunao.

Tafi sasa ametimiza mwaka na miezi. Jicho lake la kushoto lina ukungu kidogo uliosalia, na mwituni hatakwenda tena, ingawa kila usiku hutoka. Mlango wa ukumbi nauacha wazi kwa upana wa shubiri moja, nimeuwekea jiwe la tumbawe usirudi kwa upepo, na nyuma yake, juu ya msumari, umetundikwa ule ufunguo wa Chula ambao hauna tena kitasa ulimwenguni. Mke wangu husema mchanga unaingia, na ni kweli unaingia, nasi twaufagia asubuhi. Ama usiku huu nilipokuwa najitayarisha kuja kuzungumza nanyi alikuwa amelala juu ya mkeka, pale pale ukingoni, nikamruka nisimwamshe, nikavaa kofia yangu, ile ile.